Mguu ukiuma, uvumilivu peke yake si dawa

SISI Warundi tuliorudi nyumbani kutoka Tanzania tunasifiwa sana kwa uvumilivu. Tuliozaliwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wenzetu waliokulia katika kambi za Kigoma, tulifundishwa mapema kwamba maumivu hayasimamishi kazi. Mtoto akijikata kwa jembe katika shamba la tumbaku alifungwa kitambaa, akaendelea na tuta lake. Foleni ya chakula haikumsubiri mwenye homa. Malezi hayo yalituvusha, wala siyabezi.

Hata hivyo, leo naomba niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya ndugu zangu. Uvumilivu huo huo ndio unaowaharibia miguu wengi wetu tunaokimbia alfajiri kwa ajili ya afya, na pia wafanyabiashara wa mpakani ambao miguu ndiyo mtaji wao.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Rumonge. Nilirudi mwaka 2008, katika wimbi lile la wakimbizi wa 1972 lililowarudisha watu zaidi ya 50,000. Jumamosi alfajiri huwa tunakimbia kikundi kizima kando ya ziwa, kwa nyimbo na makofi. Wamo waliorudi, wamo ambao hawakuondoka kamwe. Kila anayeishi Rumonge au Nyanza-Lac anajua migogoro ya mashamba ilivyotutenganisha watu wa pande hizo mbili. Katika mbio hakuna anayeuliza shamba la nani. Zamani tulikimbia kwa kukimbizwa. Siku hizi tunakimbia kwa hiari, tena pamoja.

Kwa hiyo kano ya kisigino changu cha kushoto iliponishika, hofu yangu haikuwa maumivu tu. Nililiogopa zaidi jambo la kukaa nyumbani Jumamosi. Kano hiyo ni ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Dalili zake zinajulikana: asubuhi hatua za kwanza ni za kuchechemea, mwili ukipata joto maumivu yanapungua, jioni yanarudi. Umri wa miaka arobaini na kitu, lami na vilima vyetu vinatosha kabisa kuileta.

Ushauri niliopewa ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza: "Mwalimu, vumilia, itajizoea yenyewe." Wa pili: "Mwalimu, umri umekwenda, achana na mbio." Nasema ushauri wote wawili ni mbaya, na nitaeleza kwa nini.

Wale wa kuvumilia hupenda kumtaja Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Ni kweli, katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 10,000 akiwa na kano mbovu ya kisigino, akamshinda Paul Tergat wa Kenya kwa sehemu 9 tu za mia moja za sekunde. Ila wanasahau kumalizia hadithi: baada ya hapo alifanyiwa upasuaji. Haile alikuwa na medali ya dhahabu mbele yake na mabingwa wa upasuaji nyuma yake. Wewe na mimi tunavumilia kwa ajili ya medali gani? Na tukikatika, nani atatupasua, kwa fedha za nani?

Wale wa kuacha kabisa nao wamekosea. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, ndiyo maana hupona polepole, kwa wiki na miezi. Ukiilaza kitandani muda wote inazidi kudhoofika, na siku utakayoinuka itauma vilevile. Inachohitaji ni kazi ya kipimo.

Mwaka 1998 daktari wa Sweden aitwaye Håkan Alfredson na wenzake walichapisha matokeo ya watu 15 waliokuwa wakikimbia kwa kujifurahisha, wastani wa umri wao miaka 44, walioteswa na kano hiyo kwa muda mrefu. Walipewa zoezi moja kwa wiki 12, na wote 15 walirudi kwenye mbio zao. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba si kila mtu hufanikiwa namna hiyo, lakini hadi leo mazoezi ya kuibebesha kano uzito hatua kwa hatua ndiyo msingi wa tiba yake.

Zoezi lenyewe halihitaji hata faranga moja. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, visigino vikiwa hewani. Panda kwa mguu mzima, kisha shuka taratibu kwa mguu mgonjwa. Mara 15, mafungu matatu goti likiwa limenyooka, mengine matatu likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Wenye maumivu pale pale kano inapoungana na mfupa wa kisigino wasishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, waishie sakafuni.

Mimi nililifanyia kwenye ngazi za shule, wanafunzi wakicheka. Kipimo changu kilikuwa asubuhi ya pili yake: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, lakini kesho yake yakiwa yamezidi, unapunguza. Wiki ya tisa, nilipokuwa nimeshaanza kukimbia dakika moja na kutembea nne, yalirudi ghafla. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nilirudi nyuma hatua moja, si mwanzo kabisa, na baada ya siku kumi nikasonga tena.

Tena Haile huyo huyo anatufundisha. Novemba 2010 goti lilimtoa katika marathoni ya New York, akatangaza siku ile ile kwamba anastaafu. Siku chache baadaye alibadili uamuzi. Siku ya maumivu si siku ya kuamua mambo makubwa.

Sasa nije kwa ndugu zangu wa mpakani, wa Mugina na Kobero, mnaotembea na mizigo au kusukuma baiskeli zenye mawese na dagaa. Nawaona mkimeza diklofenaki asubuhi ili mfike sokoni. Dawa hiyo inanyamazisha maumivu huku kano ikiendelea kuchakaa, na ikizoewa inadhuru tumbo na figo. Hatari zaidi ni sipro, yaani ciprofloxacin, ambayo watu hununua dukani bila cheti kwa kila homa ya tumbo. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kali, kwa sababu zinaweza kuvimbisha na hata kukata kano. Anayeumwa kano amwambie mganga kabla ya kuandikiwa.

Kuna maumivu ambayo hayahitaji ngazi bali hospitali, tena haraka. Ukisikia mlio kama wa kamba kukatika na kushindwa kusimama kwa vidole, kano imekatika. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuwa la moto, huenda damu imeganda ndani. Mfupa ukiuma mahali pamoja, hata usiku umelala, huenda una ufa, na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Hayo hayavumiliwi na mtu mwenye akili timamu.

Nawaomba viongozi wa vikundi vya mbio jambo moja. Mgonjwa asiachwe nyumbani. Apewe kazi ya kushika saa, au kutembea na wazee nyuma ya kikosi. Mimi nilishika saa kwa miezi mitatu, na aliyekuwa akiniletea maji kila Jumamosi ni mtu ambaye familia zetu hazijamaliza kesi ya shamba. Ningebaki kitandani tusingesalimiana.

Uhamishoni tulivumilia kwa sababu hatukuwa na la kuchagua. Tukiwa nyumbani tunaweza kuchagua. Anayechechemea leo asubuhi na aanze kwenye ngazi jioni hii, taratibu, na Jumamosi aje hata kwa kutembea.