Simbilisi Mmoja Hatoshi

Wenzetu chamani wanaopanga nyumba hapa Uingereza wameanza kununua simbilisi, tena mmoja mmoja. Sisi tunasema nunueni wawili, au acheni kabisa. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Akikaa peke yake hunyong'onyea. Uswisi imekataza kisheria kumfuga mmoja tangu 2008.

Mwekeeni nyasi kavu usiku na mchana, maana meno yake hayaachi kukua. Mwili wake hautengenezi vitamini C, basi mpeni pilipili hoho kila siku (karoti ni peremende tu kwake). Akigoma kula nusu siku, mpelekeni kwa daktari wa wanyama, na daktari huyo si wa bure.

Huishi miaka 5 hadi 8. Shahada yetu ni miaka 3. Kabla ya kulipa, waulizeni mama zenu kama watampokea.