Wazee wa Eastlands wapimwe kumbukumbu mlangoni mwao

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika wadi ya Maringo/Hamza. Kaya ninazozitembelea ni kama 100, nyingine za nyumba za zamani za kanjo, nyingine za ploti zilizochipuka nyuma yake. Begi ninalobeba ni lile tulilopewa baada ya Rais William Ruto kuzindua mpango wetu Uhuru Park, Septemba 2023, tukiwa takriban 100,000 nchi nzima. Ndani mna mashine ya presha, mita ya sukari, kipimajoto, mizani na simu ya kujazia taarifa. Kwa vifaa hivyo nimepata watu waliokuwa wakipanda matatu Jogoo Road kila asubuhi na presha ya 190 bila habari. Lakini mzee anapoanza kusahau, sina cha kumpimia. Mafunzo niliyopata hayakugusa kumbukumbu hata kwa kikao kimoja. Naandika kudai pengo hilo lizibwe, kwa sababu njia ya kuliziba ipo, ni ya bei rahisi, na imeshajaribiwa karibu na hapa.

Nyanya mmoja katika kaya zangu alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake kwa miaka mingi. Alitunza daftari kubwa la jalada gumu, mistari ameichora kwa rula, wino wa bluu kwa michango na mwekundu kwa mikopo. Siku moja mwanachama alilipa shilingi 200, naye akaziandika mara tatu kwenye ukurasa uleule, kila mara kwa mwandiko uleule safi na sahihi yake pembeni. Mwezi uliofuata mwingine akalipa, asiandikwe kabisa. Minong'ono ikaanza, kisha ikawa kelele: pesa zinaliwa. Wakamvua kazi sebuleni kwake, mbele ya wajukuu, naye akiapa kwamba hajagusa hata ndururu. Na kweli hakuwa amegusa. Pesa zilipatikana baadaye ndani ya pipa la unga, zimefungwa kwenye leso.

Bintiye aliponionyesha daftari lile, nilikaa nalo. Ukilifungua kutoka mwanzo kwenda mwisho unauona ugonjwa ukiingia. Hesabu zinajumlika sawasawa ukurasa baada ya ukurasa. Halafu kufutafuta kunaanza, jumla inaandikwa na kukatwa. Halafu mikopo inahamia kwenye wino wa bluu. Hayo yalitokea muda mrefu kabla hajasahau jina la mtu yeyote. Kushindwa kusimamia pesa ni mojawapo ya dalili za mapema za ugonjwa wa Alzheimer, na katika mitaa yetu, ambako karibu kila mama mzee yumo kwenye chama, dalili hiyo inaonwa na watu 20 kabla daktari hajamwona mgonjwa. Ila wanaona mwizi. Mtaani nako ilisemwa ni uzee tu, na jirani mmoja alishikilia kwamba wenzake wa chama ndio waliomroga.

Ugonjwa wenyewe una historia ndefu. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mbele ya wenzake mwaka 1906, baada ya kuchunguza ubongo wa marehemu Auguste Deter, aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51. Aliona mabonge kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo inajulikana kwamba mabonge yale ni protini ya amiloidi na nyuzi zile ni protini ya tau, na kwamba huanza kurundikana miaka mingi kabla mtu hajapotea njia ya kwenda kwake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Mwafrika haupati ugonjwa huu. Nairobi ina sehemu yake katika kuivunja dhana hiyo. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Raj Kalaria na wenzao, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila dalili za dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Amiloidi ilikuwemo katika baadhi yao, kama ilivyokuwa kwa Wamarekani waliolinganishwa nao. Utafiti huo umetimiza miaka mingi sasa, na bado nasikia watu wazima, wasomi, wakiniambia kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu.

Katika wilaya ya Hai, Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na dimenshia. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kipimo ninachokitamani. Kinaitwa IDEA. Mzee anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa mahali pake ni nani. Anatajiwa maneno 10, na baada ya muda anaombwa ayarudie. Anapewa dakika moja ataje wanyama wote wanaomjia akilini. Kisha anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye alipange vilevile. Hakuna kusoma wala kuandika popote, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Vipimo vingi vya hospitali vinamtaka mtu aandike sentensi na anakili michoro kwa kalamu. Mama wa miaka 78 ambaye shule walipelekwa kaka zake atafeli hata kama akili yake ni timamu kabisa, ilhali karani mstaafu anayeugua anaweza kupita kwa mazoea ya kalamu tu.

Njiti za kiberiti ziko katika kila nyumba ninayoingia. Na wahudumu tunaiweza kazi hii: katika kaunti ya Makueni, wahudumu wa jamii kama mimi wamefunzwa kuwatambua wazee wenye dalili za dimenshia na kuwaelekeza hospitalini, kupitia utafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, taasisi ya Profesa David Ndetei. Wala sisi wa Eastlands si wageni kwa watafiti: kituo cha utafiti cha APHRC kilianza kufuatilia afya ya wakazi wa Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wetu wamezoea kubishiwa hodi na kuulizwa maswali. Kwa hiyo sioni sababu ya mzee wa Makueni kuulizwa na wa kwetu Makadara aachwe.

Kuna wanaoniambia, tena kwa nia njema, kwamba ya nini kumpima mtu ugonjwa usio na tiba. Nawajibu kwa mifano ninayoijua. Mzee mmoja wa Jericho alikuwa amehesabiwa kwamba akili imemtoka: ukimwuliza hili anajibu lile, amejitenga, hacheki. Alifua vyuma jua kali ya Kamukunji ujana wake wote, na kelele za pale zilimla masikio. Juu ya hayo nta ilikuwa imeziba lililobaki. Nta ilipotolewa alianza kujibu. Wengine wana upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri, au ni sonona baada ya kufiwa, au ni dawa zinazogongana. Yote hayo yanaweza kufanana na dimenshia na yote yana matibabu. Asiyepimwa anatupwa katika kapu moja na wasiopona.

Na hata ikiwa ni Alzheimer kweli, kujua kunabadilisha mambo. Familia inakaa na mzee angali anaweza kusema nani ashike karatasi za nyumba na nani ajue nambari ya siri ya M-Pesa. Nimeona mjukuu akiimaliza pesa ya wazee ya mpango wa serikali wa Inua Jamii siku ileile iliyoingia, shilingi 2,000 za mwezi, kwa sababu nyanya alikuwa akimpa simu na nambari kila alipoombwa na kusahau kwamba ameshampa. Chama nacho kingemwondoa yule mama wa daftari kwa heshima, si kwa matusi.

Kuhusu chanzo, sipendi kuwaambia watu kwamba kila kitu kimo mikononi mwao, maana umri na jeni zina nafasi kubwa. Lakini tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Yamo presha, sukari, uziwi, macho yasiyotibiwa, kukosa shule, upweke, pombe, sigara na hewa chafu. Soma orodha hiyo ukiwa umesimama City Stadium saa moja asubuhi katikati ya moshi wa matatu, au Dandora upepo unapogeuka kutoka jaani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, ukakuta wa Ibadan wakipata Alzheimer kwa kiwango kinachokaribia nusu ya wenzao. Watafiti walielekeza macho kwenye mishipa ya damu, vyakula na maisha. Sisi wa Eastlands tunaondoka upande wa Ibadan kwa kasi: chipsi jioni, kukaa kibandani kutwa, presha ambayo mtu anaimezea dawa mwezi huu na kuziacha mwezi ujao zikiisha. Ninapomsihi mtu wa miaka 45 asiache dawa zake, huwa namwambia pia kuhusu ubongo wake wa miaka 75, na hilo huwashtua wengi kuliko kiharusi.

Dawa mpya zipo. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Zinaondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, ingawa hazirudishi kilichopotea, na mgonjwa lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara kwa hofu ya uvimbe na kuvuja damu. Lecanemab ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 3. Nafurahia kila hatua ya sayansi, na kipimo cha damu kilichoidhinishwa huko Mei 2025 kinanipa matumaini zaidi, kwa kuwa damu inaweza kuchukuliwa hata katika zahanati. Ila siwezi kumwambia binti mmoja wa Maringo, anayemtunza mamake mgonjwa, asubiri mambo hayo.

Binti huyo anaishi na mamake katika chumba kimoja. Aliacha kuuza mitumba Gikomba ili amwangalie, maana kabla ya hapo alikuwa akimfungia kwa kufuli ya nje, na mtungi wa gesi wenye kichomeo juu ukiwa ndani mlemle. Wapo wengi wanaofunga kufuli hiyo, na siwahukumu, kodi haisubiri. Tuliyofanya ni madogo. Mtungi ulihamishiwa kwa jirani. Nambari ya simu ya bintiye ilishonewa ndani ya upindo wa kila gauni. Makondakta wa stejini walionyeshwa picha yake, kwa sababu akitoka hupanda gari la kwenda Burma, alikokuwa akinunua nyama zamani. Nilimfundisha binti asibishane naye anapomwulizia mumewe aliyefariki, bali amwulize mzee alikuwa mtu wa namna gani. Maongezi yanaendelea na machozi hayaji. Pia nilimwelekeza kwa Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, shirika lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, ambaye babake aliugua, ili akutane na watunzaji wenzake. Wengi wao ni wanawake, na wengi hawajalala usiku mzima kwa miaka.

Jambo moja halizungumzwi kabisa katika mipango ya mji. Mitaa ya zamani inabomolewa kupisha maghorofa, na Pangani ilitangulia. Sipingi nyumba bora. Lakini mtu mwenye dimenshia anaongozwa na mti wa kona, na bomba la maji, na rangi ya mlango wa jirani. Ukimpandisha ghorofa ya nane katika jengo ambalo milango yote inafanana, umemnyang'anya hata choo. Orodha za wanaohamishwa zioneshe nani anaugua, na nyumba za chini ziwe zao kwanza.

Naijua hoja ya mwisho, kwamba wahudumu tumebebeshwa mengi na posho ni ndogo. Ni kweli, na kazi mpya ije na malipo yake. Tena kipimo changu mlangoni hakiwezi kuwa hukumu. Mzee anayekosa alama lazima awe na mahali pa kupelekwa, la sivyo nitakuwa nimeipa familia hofu tupu. Nataka siku moja katika wiki, katika hospitali mojawapo ya umma huku kwetu, ambapo anamkuta daktari aliyefunzwa, anapimwa damu, masikio na macho, na anayemtunza anaulizwa hali yake pia.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika katika wadi, na tangazo husomwa makanisani, msikitini na kwa chifu. Katika kile nilichohudhuria, waliosimama walizungumzia mitaro, taa na basari. Mwenye mzazi anayesahau aje safari hii na asimame, na kama hawezi kumwacha peke yake, aje naye.