Karatasi si ushahidi wote: korti zidai faili lenyewe

Barua iliyoandikwa kwa ordinateri ikifika mbele ya korti, mara nyingi inafika kama karatasi. Kuna tarehe juu, mhuri na sahihi chini. Hakimu anaisoma na inaingia katika dosie. Lakini karatasi hiyo ni sehemu moja tu ya barua. Sehemu nyingine ilibaki ndani ya mashine ilimoandikwa, na huko ndiko tarehe ya uongo inapoweza kugunduliwa.

Faili la ordinateri linabeba habari ambazo mwandishi hakuziandika. Wataalamu wanaziita metadata. Faili la Microsoft Word linaweka siku lilipoundwa, siku lilipobadilishwa mara ya mwisho na jina la aliyelihifadhi, na pengine hata jina la shirika lenye mashine. Picha ya simu inaweka saa, aina ya simu, na mahali ilipopigwa kama GPS ilikuwa wazi. Ukichapisha faili kwenye karatasi, hayo yote yanapotea.

Kwamba habari hizo zina uzito, Marekani ilijionea mwaka 2005. Mjini Wichita, jimbo la Kansas, polisi walikuwa wakimtafuta muuaji wa watu 10 kwa zaidi ya miaka 30. Yeye mwenyewe alituma disketi kwenye kituo cha televisheni. Ndani yake, wapelelezi walikuta alama za faili la Word lililokuwa limefutwa: jina la kanisa moja la Kilutheri, na jina la mtumiaji, Dennis. Walipotafuta kanisa hilo kwenye intaneti walimpata Dennis Rader, kiongozi wa baraza la waamini. Alikamatwa tarehe 25 mwezi wa pili.

Wakubwa wa serikali nao hawakuponyoka. Mwezi wa pili 2003, serikali ya Uingereza ilitangaza hati juu ya silaha za Irak, ikaiweka kwenye intaneti kama faili la Word. Wasomaji waligundua kwamba kurasa nyingi zilinakiliwa kutoka kazi ya mtafiti mmoja wa chuo. Faili lenyewe likaonyesha majina ya watumishi wanne walioligusa. Miezi michache baadaye, Alastair Campbell, msemaji wa waziri mkuu, aliulizwa juu ya majina hayo mbele ya tume ya bunge.

Mambo haya hayahusu tu wauaji na mawaziri. Mwaka huo wa 2005, korti ya shirikisho huko Kansas ilisikiliza kesi ya wafanyakazi waliolalamika kwamba kampuni ya Sprint iliwafukuza kwa sababu ya umri. Kampuni ilitoa majedwali ya ordinateri, lakini kwanza ilikuwa imefuta metadata na kufunga visanduku vya hesabu. Hakimu alisema faili linapaswa kutolewa kama linavyotumiwa kila siku, na habari zake zote, isipokuwa upande mmoja upinge kwa sababu ya haki.

Je, hayo yanawahusu watu wa Kivu? Ndiyo, na korti ya Bukavu ilishaonyesha njia. Mwezi wa tisa 2018, korti ya kijeshi huko iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, kufuatana na mauaji ya mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje, katika teritware ya Kalehe. Kati ya ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa eyeWitness, programu ya simu iliyoanzishwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha maavoka. Programu hiyo inaandika saa na mahali pa picha, na inaitia alama inayoonyesha kama kuna aliyeigusa baadaye.

Sheria pia ipo. Kodi ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi, kwa sharti mwenye kuyaandika atambulikane na yahifadhiwe bila kuharibiwa. Karatasi peke yake haiwezi kuthibitisha masharti hayo mawili.

Ni kweli kwamba metadata zinaweza kudanganya. Saa ya ordinateri inabadilishwa kwa dakika moja, na jina la mtumiaji ni lile mtu alilochagua kuandika. Huko Wichita, polisi hawakuridhika na jina Dennis. Walilinganisha ADN kwanza ndipo wakamkamata. Hiyo ni sababu ya kuzipima mbele ya mtaalamu, pande zote mbili zikiwepo. Si sababu ya kuziacha.

Kwa hiyo mahakimu na waendesha mashtaka waanze kuuliza swali moja kila mara barua, picha au jedwali linapobishaniwa: faili la kwanza liko wapi, na nani amelishika tangu siku hiyo? Maavoka nao wasingoje kuulizwa. Anayetetea mjane juu ya karatasi ya kiwanja yenye tarehe ya kushukiwa ana haki ya kuomba ordinateri ilimoandikwa ichunguzwe.

Raia pia wana sehemu yao. Picha ya kijiji kilichochomwa ikipitishwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapoteza saa na mahali pake. Aliyeipiga aihifadhi katika simu yake bila kuikata wala kuipamba, na akiituma kwa mchunguzi, aitume kama dokima. Lakini asiitupe hivyo hadharani: habari zilezile zinazomfunga mwenye hatia zinaweza kuonyesha nyumba ya shahidi. Mwaka 2012, picha moja iliyotangazwa na gazeti ilionyesha kwamba John McAfee, aliyekuwa akijificha, yuko Guatemala.

Mashahidi wa vita vya Kongo wanakufa, wanahama, wengine wanatishwa mpaka wanyamaze. Faili lililohifadhiwa vizuri halitishwi. Kinachobaki ni korti kulidai kabla halijafutwa.