Nani Kasema Songea Imejaa?

Tangu matokeo ya Sensa ya 2022 yatangazwe, kila mwenye hoja hapa Songea ana takwimu zake. Kijiweni Lizaboni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye vikao vya harusi, utaambiwa kwamba tumezidi, kwamba vijana wametukimbia, kwamba wageni wametumaliza. Pembeni atakuwepo mzee wa kusema tuzae tu, kila mtoto huja na riziki yake. Haya yote hayawezi kuwa kweli kwa pamoja: mji haukimbiwi na kufurika kwa wakati mmoja. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la kwanza ni kwamba ardhi imekwisha. Mwaka 2012 mkoa wetu wa Ruvuma ulihesabiwa watu 1,376,891. Mwaka 2022 tulikuwa 1,848,794. Ongezeko la theluthi moja ndani ya miaka kumi si la kubeza. Hata hivyo, nchi nzima ilikua kwa kasi zaidi yetu, kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7. Mkoa una zaidi ya kilomita za mraba 63,000, kwa hiyo kila kilomita ya mraba ina watu kama 29. Wastani wa taifa ni 68. Anayesema Ruvuma imejaa apande basi la Namtumbo kwenda Tunduru, akae dirishani. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya anachokiona ni hifadhi na misitu, haigawiwi. Lakini hata ukiitoa hiyo, kinachogombewa ni ardhi iliyo karibu na lami, bomba la maji na soko, nayo imekuwa haba siku zote.

Wanaodai kwamba watu wengi lazima waimalize ardhi nawaomba wapande hadi Litembo, Umatengoni. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwabana Wamatengo milimani, wakarundikana kwenye miteremko ambayo mkulima wa bondeni angeiona haifai hata kwa mbuzi. Hawakuila ardhi ile ikaisha. Walibuni ngoro: nyasi zinafyekwa na kupangwa kwa miraba, udongo unafukiwa juu yake, katikati linabaki shimo la kunasa maji ya mvua na udongo unaoporomoka. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake hufukia na kupanda; maharage hutangulia, mahindi yakafuata. Kazi hiyo inataka mikono mingi, na bila wingi wa watu isingewezekana. Ester Boserup, mchumi wa Denmark, aliandika mwaka 1965 kwamba watu wanapoongezeka hulazimika kulima kwa ustadi zaidi. Mmatengo alikuwa amekwisha kulithibitisha kwa jembe. Nakubali kwamba ngoro nazo zina mwisho. Milima ilipowaelemea, familia nyingi ziliteremka kufyeka miombo, na huko kwenye ardhi tele, ndiko ulimaji ovyo ulikoonekana.

Lipo dai jingine, ndugu wa hilo: tungekuwa wachache tungeneemeka. Mji huu, wenye Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, ndio ungepaswa kuwa wa mwisho kulisema. Tulishawahi kuwa wachache. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 havikuishia kwenye kunyongwa kwa Nduna Songea Mbano na wenzake mwanzoni mwa 1906. Wajerumani walichoma maghala na mashamba kwa makusudi, njaa ikafanya kilichobaki. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliviweka kati ya 250,000 na 300,000. Je, waliosalia walitajirika kwa ardhi iliyobaki wazi? Pori lilirudi juu ya mashamba, mbung'o wakafuata pori, tembo na nguruwe wakala kilichopandwa. Pasipo na watu wa kutosha kufyeka na kulinda, shamba halidumu. Sehemu ya ukimya wa kusini tunaouona leo ilitengenezwa na risasi na njaa ya miaka ile, na si haki kuuita baraka ya nafasi.

Dai la vijana kukimbilia Dar es Salaam halihitaji maneno mengi. Manispaa ya Songea ilikuwa na watu 203,309 mwaka 2012, na 286,285 mwaka 2022, ongezeko la takriban asilimia 41. Dar es Salaam iliongezeka asilimia 23 katika miaka hiyohiyo. (Dar imemwagikia Kibaha na Mkuranga, najua, na ndiyo maana Pwani imekua mno. Bado hoja yangu inasimama.) Kijana wa Namtumbo anayeacha jembe leo ana nafasi kubwa ya kuishia Bombambili, hapahapa Songea, akiendesha bodaboda. Na hata kuondoka kwenyewe si ugonjwa wa kizazi hiki. Babu zetu walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga kwa wingi kiasi kwamba P. H. Gulliver aliandika utafiti mzima, mwaka 1955, juu ya Wangoni na Wandendeule wanaotoka kutafuta kazi.

Kuhusu wageni, nitauliza swali moja: mgeni ni nani Songea? Wangoni walitoka Afrika Kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakafika huku katikati ya karne ile wakiwa na mikuki, wakawakuta wenyeji. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wakimbizi walipokelewa Muhukuru. Wabena na Wakinga wenye maduka mjini wanazika na kuoa pamoja nasi. Mgogoro wa kweli uko Tunduru na Namtumbo, ambako ng'ombe walianza kuingia kwa wingi baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006. Mkulima aliyeliwa mahindi yake ana haki ya kukasirika. Lakini wafugaji walihamishwa kabla ya malisho na njia za mifugo kutengwa huku walikoelekea, na kosa hilo ni la waliopanga. Ukimfukuza mfugaji Namtumbo, utakuwa umemtuma kwa mkulima mwingine.

Sasa nimgeukie mzee wa kuzaa tu. Ana wenzake wakubwa: Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais John Magufuli aliwasihi Watanzania waachane na uzazi wa mpango, kwa hoja kwamba mwenye bidii ya kulima ataweza kuwalisha wanawe. Ruvuma ndiyo inayoonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Chakula hapa si tatizo letu kubwa siku hizi. Mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje, tulihangaika na ziada. Mtoto anahitaji ugali, sawa, lakini anahitaji pia dawati, mwalimu, na mkunga siku ya kwanza kabisa. Nchi inayokua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka huongezeka maradufu kwa miaka 22 hivi, yaani kila darasa na kila wodi lazima ipate mwenzake kabla mtoto wa leo hajaanza maisha yake. Wanawake wamelielewa hili kabla ya wanasiasa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta mwanamke wa mjini ana wastani wa watoto 3.6, wa kijijini 5.5. Wa kijijini naye apewe nafasi ya kuamua.

Ninalotetea mimi ni mpango, na hapo mji wetu una deni. Mashamba ya pembezoni yanageuzwa vipande vya kuuzwa kwa miguu ishirini kwa ishirini kabla mpima hajafika, bila barabara wala mahali pa shule. Milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma na yanakotoka maji ya mji huu, inazidi kukaribiwa na nyumba. Matokeo ya sensa hadi ngazi ya kata yapo. Basi katika mkutano ujao wa mtaa, msiulize tumekuwa wangapi. Mwulizeni mwenyekiti na diwani wenu viwanja vimepimwa vingapi, eneo la shule liko wapi, na nani analinda Matogoro.