Nukta Si Kitu Kidogo

Miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni amana ya taifa. Siku hizi miswada ya namna hiyo hupigwa picha za kompyuta ili isipotee. Jambo hilo ni jema. Lakini wapo wasemao: "Zibaneni picha mpaka zienee mahali padogo, kipoteacho jicho halikioni." Sisi twasema: hapana.

Kwanza tueleze. Picha ya kompyuta ni safu za pikseli, na kila pikseli ni namba ya mwanga. Njia ya weveleti, yaani viwimbi, huzipanga upya namba hizo kuwa wastani na tofauti. Kwa mfano mwepesi, chukueni pikseli mbili jirani, 100 na 104: wastani wake ni 102, tofauti ni 4. Tukivitunza vyote viwili, twazipata tena 100 na 104 bila kosa. Tukiitupa ile 4, twabaki na 102 mbili, na namba za asili hazirudi kamwe. Kiwango cha JPEG 2000 kina milango yote miwili: ubanaji usiopoteza na ubanaji upotezao. Kwa hiyo lawama si ya chombo, ni ya mwenye kuchagua.

Wapinzani wetu hutaja alama za vidole: mwaka 1993 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilikubali ubanaji upotezao wa viwimbi, takribani 15 kwa 1. Naam, lakini alama ile ina kazi moja, kumtambua mtu. Mswada una maswali ambayo wajukuu wetu bado hawajayauliza.

Tena, aliyesoma alifu, be, te ajua ya kuwa be, te na nuni mwanzoni mwa neno zina umbo moja; nukta ndiyo hakimu. Picha ikibanwa mno, nukta hufifia, na neno moja laweza kusomeka kama jingine.

Basi nakala nyepesi ziende madarasani, wanafunzi wasome. Lakini nakala mama ibanwe pasipo kupoteza hata namba moja, ijapokuwa itadai nafasi kubwa zaidi. Mwacha asili ni mtumwa. Na aitupaye asili kwa kubania nafasi atawaachia watoto kivuli badala ya kitu.