Gereza la "Wale": Walenisi Mbele ya Msomaji wa Kuresoi

Upo uhakiki uliozoeleka wa fantasia ambao humtaka mfungwa atoke gerezani, awe huru, kisha kitabu kiishe. Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), imedhulumiwa na mtazamo huu. Wanaoibeza hudai kwamba Dzombo, aliyehukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo, anaukimbia uhalisi anapotua kwenye sayari ya kubuni. Wanaoisifu nao huifanya wasifu wa mwandishi, kwa kuwa Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimelitafuta gereza mahali pasipo.

Gereza lenyewe limedokezwa na anwani. "Walenisi" ni sentensi kamili: wale ni sisi. Ikibadilishwa silabi moja tu, inakuwa wale si sisi, na hapo ukuta umekwisha kujengwa.

Hebu riwaya hii isomwe Kuresoi. Huko Olenguruone, serikali ya kikoloni iliwafurusha maskwota wa Kikuyu na, kufikia mwaka 1950, wengi wao walikuwa wamepelekwa Yatta. Baada ya uhuru, wakazi wa eneo hilo walichomeana nyumba katika ghasia za mwaka 1992, na tena wakati wa uchaguzi wa mwishoni mwa 2007. Silaha mojawapo ya miaka hiyo ilikuwa istiari: jirani aliitwa "doadoa", yaani uchafu unaostahili kufutwa. Je, kijana aliyezaliwa miongoni mwa watu walioitana hivyo ataambiwa kwamba sayari ambayo wale ni sisi ni ndoto ya kukwepa maisha? Kwake, fantasia hiyo inayagusa maisha kuliko riwaya nyingi za kihalisia, kwani inalikanusha neno lililowasha moto.

Ulinganishi mmoja unafaa. Katika Incarceron (2007), riwaya ya vijana ya Catherine Fisher wa Wales, Finn anatamani kutoka katika gereza lenye uhai na akili. Lakini huko nje anakoishi Claudia, binti wa msimamizi wa gereza hilo, watu nao wameshurutishwa kuishi kana kwamba wakati umesimama katika enzi ya kale. Fisher ametambua kwamba kuvuka ukuta si kuwa huru. Mkangi alikuwa amekwisha kulitambua hilo, akasonga mbele zaidi: Dzombo hafiki Walenisi akapumzika, bali anafunzwa upya namna ya kuwa mtu miongoni mwa watu.

Ni kweli kwamba mafunzo hayo yana kasoro ya kifani. Mazungumzo hurefuka hadi yakawa mihadhara, na wahusika wa Walenisi aghalabu husema kwa sauti moja. Hata hivyo, kasoro ya usimulizi haibatilishi wazo, na mhakiki anayeishia kuihesabu huwa amejinyima kilicho kikubwa zaidi.

Almuradi, swali la kuulizwa darasani si jinsi Dzombo alivyookoka. Swali ni nani anayeitwa "wale" katika kijiji cha msomaji, na nani amefaidika kwa kuitwa kwao hivyo. Mwalimu anayeliepuka swali hilo kwa kisingizio cha kulinda amani hailindi amani yoyote. Analinda ukuta.