Umeme wa Gari Hauui?

Kuna usemi ulioshika mizizi katika karakana za pwani yetu, tangu Bunju na Mapinga hadi huku Bagamoyo, kwamba umeme wa gari ni mdogo na hauui mtu. Nimeusikia kwa mafundi, nimeusikia kwa madereva, na jambo linalonikera zaidi ni kwamba nimeusikia kwa watu waliosoma fizikia hadi kidato cha sita. Nathubutu kuupinga waziwazi, maana siku hizi magari ya kupigia kambi yanatengenezwa hapa hapa kwa mikono yetu, na watu hulala ndani yake pamoja na watoto wao.

Gari lenyewe msomaji analijua. Ni Land Rover au Land Cruiser iliyokwisha kula chumvi nyingi, na mwenyewe anataka kuwapeleka wageni Saadani, mbuga iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Basi huongezewa betri ya pili, friji ndogo, taa za ndani, paneli ya jua juu ya keria, na nyuma droo za mbao za kuwekea vyombo. Sina ugomvi na kazi hiyo. Kijana anayeifanya mwenyewe, au na fundi wa mtaani kwake, namheshimu kuliko yule anayeagiza kila kitu kutoka ng'ambo kwa fedha za kukopa. Ugomvi wangu ni hesabu isiyofanywa.

Ni kweli kwamba ukishika vichwa viwili vya betri ya volti 12 kwa mikono mikavu hutapigwa. Hapo ndipo usemi ule ulipozaliwa. Lakini betri hiyo hiyo ndiyo inayozungusha mota ya kuwashia injini, kazi inayodai ampea mia na zaidi. Waya wake ukigusa bodi pasipo na fyuzi, betri haiulizi swali; hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja. Chukua ampea 300 tu, zidisha kwa volti 12, unapata wati 3,600. Hizo ni zaidi ya pasi tatu za wati 1,000, na joto lake lote linatafuta pa kutokea katika waya mwembamba unaopita chini ya godoro. Aliyelala juu ya godoro hilo hatakufa kwa kupigwa na umeme, bali kwa moto na moshi.

Haya si mambo ya kubuni. Gari la kijana wa ukoo wetu lilitoa moshi njiani, kwa bahati njema mchana, wageni wakiwa nje wanakula. Waya wa friji ulikuwa umepitishwa katika tundu la bati bila kipande cha mpira cha kuukinga, na mtikisiko wa barabara ukaukereza hadi shaba ikatokeza. Mahali pa fyuzi palikuwapo. Ndani yake palikunjwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara! Nilipomwuliza fundi, alinijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, fyuzi ilikuwa inakatika kila mara, ikawa inatusumbua." Yaani mlinzi alipiga kelele mara tatu kwamba kuna mwizi, wenye nyumba wakamziba mdomo ili walale.

Hebu tuutazame waya wenyewe. Friji ndogo hula kama ampea 5. Kutoka kwenye boneti hadi nyuma, kwa kupinda pinda, ni mita 6, na kurudi 6, jumla 12. Shaba yenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita mraba 1 ina ukinzani wa ohmu 0.017 hivi. Zidisha kwa 12, gawanya kwa unene wa waya, kisha zidisha kwa ampea 5. Waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.7 njiani, ule wa milimita mraba 6 unapoteza chini ya 0.2. Betri ikiwa imetumika nusu, hizo 0.7 zinatosha kuifanya friji ijizime kwa kudhani betri imekwisha. Samaki huoza, mwenye gari hulaumu friji, akanunua betri nyingine. Nimeona mtu akinunua mbili.

Hesabu hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Mtoto wa darasa la saba anaiweza. Bwana Ohm aliitoa kanuni yake mwaka 1827, lakini fundi wetu hajapata kuisikia, kwa kuwa sisi tuliosoma tuliifunga ndani ya fizikia ya sekondari, na sekondari tukaifunga ndani ya Kiingereza. Aliyeishia shule ya msingi akabaki kupima waya kwa jicho. Aliyefika kidato cha sita aliiandika kanuni katika mtihani, akapasi, akaiacha katika karatasi ya majibu. Kisha huyu wa pili ndiye anayemcheka wa kwanza kwamba ni fundi wa kubahatisha. Nani aliyemkataza mwalimu wa fizikia kwenda karakana Jumamosi moja na kipande cha chaki, akachora jedwali la waya na ampea ukutani, kwa Kiswahili?

Na hizo droo. Maseremala wa Bagamoyo hawahitaji kufundishwa kuchonga, lakini nimeona sanduku zuri la mninga, limefunikwa barabara, ndani yake mna betri na mtungi wa gesi bega kwa bega. Betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, nayo hupanda juu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia chini. Sanduku lisilo na matundu linazihifadhi zote mbili, zikingoja cheche. Betri yenyewe, kilo 25 na zaidi, haikufungwa hata kwa kamba, na madumu ya maji yako juu ya keria. Nahodha gani wa jahazi angepakia farumi juu ya sitaha?

Wataniambia waya mnene ni ghali. Ni ghali, sikatai. Basi mwenye gari aiache ile inveta ya kuchemshia birika, ambayo kwa wati 1,000 hunyonya zaidi ya ampea 80. Wageni wachemshiwe chai kwa mkaa, na fedha hiyo inunue shaba, vipande vya mpira vya kupitishia waya, na fyuzi halisi inayolingana na unene wa waya, ifungwe karibu na kichwa cha betri, isizidi shubiri moja.